Dirisha Nyuma ya Bunduki

Lincoln, Nebraska
3 Oktoba

Lyle, mdogo wangu,

Umenifungia kwenye chaneli yako nisiandike neno, barua pepe zangu zinarudi, simu ya mezani mmeikata, na bondeni kwetu mtandao wa simu haujawahi kufika. Umesahau posta. Posta haina kitufe cha kumfungia dada yako, na Gus wa posta ataiacha hii kwenye boksi la barua hata ukimfungulia mbwa.

Kuandika umenizuia, lakini kutazama natazama. Nimeitazama video yako mpya, ile unayowafundisha watu bunduki ya kuwindia ya baba. Kidole chako kimo ndani ya kifyatulio tangu unaposalimia hadi unapoaga. Unageuka kuchukua kikombe cha kahawa, mtutu unageuka nawe, unapita mbele ya kamera, unarudi tena, na wewe hujui hata kama umepita. Halafu unawaambia maelfu ya watu kwamba usalama ni suala la kutumia akili tu. Akili ipi? Ile iliyo kikombeni?

Nina ugomvi na kizazi kizima cha walimu wa aina yako. Hawana cheti, hawana mwalimu mkuu, hawana hata mwanafunzi anayeweza kunyoosha mkono. Mtihani wao ni ndevu na taa nzuri. Mtu akinunua bastola asubuhi, jioni anafundisha, na vijana huko waliko wanajifunza kila kosa lake kama vile ni sehemu ya somo. Wewe angalau ulikuwa na mwalimu. Baba alikuoshesha vyombo msimu mzima wa kuwinda kwa sababu ulimwelekezea paka bunduki tupu. Paka, Lyle. Bunduki tupu.

Sasa nijibu jambo moja, mengine uyaache. Nani anashika kamera? Kwenye kioo cha kabati la bunduki niliona kitu cha bluu kikisogea. Mama ana sweta ya bluu.

Naona dirisha la jikoni limepakwa rangi upya. Nani aliyeipogoa mitofaa ya baba?

Dada yako,
Ardis

*

Sorrel Creek, Montana
9 Oktoba

Dada,

Asante kwa barua. Nilidhani ni bili.

Kamera iko kwenye stendi. Kitu cha bluu ni taulo. Umeridhika?

Wewe una safu yako gazetini, kila wiki unamchambua mtu mpaka mifupa, na hakuna anayekuuliza cheti. Mimi nina chaneli yangu. Watu wananiandikia kutoka Alaska mpaka Florida. Jamaa mmoja aliniambia alikuwa anaogopa bunduki aliyoachiwa na babake, sasa haiogopi tena. Hilo ni kosa?

Risasi ninazotumia si risasi, ni vinyago. Nimevitengeneza mwenyewe mezani kwa mzee: ganda tupu, halina baruti, halina cha kuwaka, nimebandika tu kichwa cha risasi mbele. Unaweza kukitafuna. Mtutu wenye kinyago hauna tofauti na bomba la maji. Na usiniletee habari za baba na paka. Baba aliishi zamani zile.

Mitofaa niliipogoa mimi. Dirisha alilipaka mama, mwenyewe, juu ya ngazi, na hakutaka kusaidiwa. Ungekuwepo ungemwona. Lakini wewe ulichagua kusema yale uliyosema siku ya mazishi ya baba, ukumbini kanisani, mbele ya watu na vikombe vyao vya kahawa, kwamba nyumba ya mjane haifai kuwa ghala la silaha. Mama alikwambia usikanyage hapa mpaka uombe radhi. Neno moja tu, dada. Mpaka leo unalibania.

Lyle

*

Lincoln
14 Oktoba

Lyle,

Stendi haipumui.

Nimeirudia video nikiwa nimezima sauti, maana ukizungumza nakasirika na sioni kitu. Picha inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama kifua cha mtu. Stendi haifanyi hivyo. Kisha katikati ya maelezo yako picha inateleza, inakuacha wewe na bunduki yako, inakwenda dirishani, inakaa kule, halafu inarudi taratibu. Watazamaji wako wenyewe wanauliza kama mpiga picha amesinzia. Mdogo wangu, huyo ni mama, na mkono wake umechoka. Umemsimamisha mwanamke wa umri wake mbele ya mtutu, wala hujagundua kwamba mkono unamtetemeka na macho yanamtoka kwenye kazi.

Na hivyo vinyago. Baba alivitoboa. Kila kinyago alichotengeneza alikipitisha kwenye keekee, tundu upande huu litokee upande wa pili, ili hata gizani ukikipapasa ujue kwamba hiki hakina roho. Vyako havina tundu. Kwa nini?

Sitaandika habari zako gazetini. Nilitaka. Nilikuwa na aya mbili tayari, na zilikuwa aya kali. Nimeziacha kwa sababu moja tu, kwamba mama angezisoma. Lakini usinijaribu. Mtoe mama mbele ya bunduki. Ukishamtoa, niite jina lolote utakalo.

Ardis

*

Sorrel Creek
21 Oktoba

Dada,

Haya, umeshinda, piga ngoma.

Ndiyo, alikuwa mama. Aliomba mwenyewe. Tangu nianze chaneli alisema atashika kamera, nikadhani anataka kunisaidia, na sikumnyima kwa sababu ni wakati pekee tunaokaa pamoja bila yeye kuniuliza nitaoa lini. Juzi baada ya barua yako nilimwambia sasa basi. Nimechukua meza ya kupigia pasi, nimeweka juu yake debe la unga, na juu ya debe nimeweka kamera. Iko mahali palepale alipokuwa anasimama, kimo kilekile. Haipumui, haisinzii, haiendi dirishani. Umefurahi?

Yeye hajafurahi. Hajazungumza nami tangu Jumapili ila kwa sufuria. Anaziweka chini kwa nguvu.

Vinyago nilivitoboa mwanzoni kama mzee. Watu wakacheka, wakasema mwalimu wa bunduki anacheza na filimbi. Kwa hiyo sasa navipaka kitako rangi nyekundu ya kucha, ya mama, ile ya siku nyingi aliyonayo kwenye droo. Nawaambia watazamaji, nyekundu ni mfu. Kila mtu anakumbuka. Rahisi kuliko keekee.

Video mpya iko hewani. Mama alinitolea koti la mzee la kuwindia, lile la turubai, akasema nilivae. Watu wamelipenda sana. Wanasema nafanana na mtu wa milimani kwelikweli. Litazame, utafute makosa.

Lyle

*

Lincoln
27 Oktoba

Lyle,

Nilikaa kutafuta makosa na nikakuta koti.

Sikuwa tayari. Ulipoingia jikoni umelivaa, na kola imesimama upande mmoja vilevile, nilisimamisha picha nikatoka nje nikazunguka nyumba. Niliporudi ulikuwa bado umesimama pale, na nyuma ya bega lako dirisha. Nikuambie ukweli, maana uso kwa uso nisingeweza. Mimi sitazami video zako kwa ajili ya ugomvi. Ugomvi naupata hapa mjini kwa wingi na nalipwa. Natazama kwa sababu ya lile dirisha. Naangalia kama theluji imeshashuka mpaka kwenye misonobari. Naangalia kama mama ameanika chapati za viazi kwenye kitambaa, nikiziona najua ni Jumamosi. Mara moja kamera ilikaa kwenye kikombe changu cha bluu, kile chenye ufa mkononi, bado kinaning'inia pale, nikashinda siku nzima siwezi kuandika mstari. Nilikuagiza umtoe mama kwenye kamera, na sasa kamera imekaa kwenye debe la unga haitazami popote ila wewe. Katika video hii yote dirisha limekatwa nusu. Nilichokidai nimekipata.

Nilikuwa nimefikia hapa nikairudia tena, ili nilione koti.

Lyle, ulitia mkono mfukoni mwa koti. Mfuko wa kulia, wa ndani. Ukatoa risasi, ukasema, kumbe vingine viko huku, ukaonyesha kitako chekundu kwenye kamera, ukasema nyekundu ni mfu, ukaitia na zile nyingine kwenye bakuli.

Hiyo si yako. Sikiliza. Wewe ulikuwa kwenye visima vya mafuta Dakota miaka ile, hukuyaona haya. Baba alipoanza kwenda milimani wakati wa mvua, alikuwa anaziziba risasi zake zisiingie maji. Aliziziba kwa rangi ya kucha ya mama, nyekundu ileile, pete nyembamba kitakoni. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nazipaka, mkono wake ulikuwa mzito kwa kazi ndogo. Tuliziita risasi za mvua. Alizitia mfuko wa kulia wa ndani, kwa kuwa ndio mkavu kuliko yote.

Kwako nyekundu ni mfu. Kwa baba nyekundu ilikuwa hai.

Usiiguse bunduki. Usiliguse bakuli. Naipeleka hii posta sasa hivi kwa njia ya haraka, nimempigia na mama Pruitt wa ng'ambo ya kijito lakini mwanawe anasema amelazwa Missoula, naye yuko naye huko. Nimejaribu hata jina la uongo kwenye chaneli yako, sijui kama utaisoma. Ukiona mtu anajiita Risasi za Mvua, ni mimi.

Ardis

*

Sorrel Creek
29 Oktoba

Dada,

Barua yako ya haraka Gus ameileta leo, amepiga honi mpaka nikatoka. Imechelewa siku moja, jambo lenyewe limetokea jana.

Tuko wazima. Naliandika hilo mbele ili usisome mengine umesimama.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa narekodi jinsi ya kuingiza risasi na kuzitoa. Nilivuta komeo la bunduki nikalisukuma, kinyago kikaingia, nikasema, sasa nawaonyesha sauti ya chuma kitupu. Nikavuta kifyatulio. Sikukusudia kuielekeza kamera. Sikukusudia kuielekeza popote, dada, na nadhani ndilo kosa ambalo umekuwa ukiniandikia tangu mwanzo.

Kamera haipo. Debe la unga limepasuka, jikoni kote kulikuwa kweupe, na masikio yangu yanalia mpaka sasa. Unga ulipotua niliona tundu kwenye ukingo wa kabati la vyombo na tundu jingine ukutani kando yake. Mama alikuwa sebuleni. Alikuja akasimama mlangoni, akaniangalia, akaangalia ukuta. Akatembea akaenda pale kwenye meza ya pasi, mahali anaposimama siku zote, akaupa ukuta mgongo. Akapeleka mkono wake nyuma kupapasa tundu lilipo. Kisha akautoa mkono akauweka kifuani, upande wa kushoto. Akachukua ufagio.

Ningependa angenipiga nao.

Nimezitoa bunduki zote nyumbani, ziko kwa seremala Nils, kwenye kabati lake la chuma. Ufunguo anao mama. Risasi za baba zilikuwa nne mfukoni. Moja ndiyo hiyo. Ukiweka pete yake karibu na kitako cha kinyago changu tofauti inaonekana, mtoto angeiona. Mimi sikutazama. Nilikuwa natazama kamera.

Nataka kusema mbele ya watu wale wote waliojifunza kwangu. Sina maneno. Wewe unayo, ndiyo kazi yako. Niandikie nitakayoyasema, makali unavyotaka.

Mama anakuandikia. Amekataa nisome.

Lyle

*

Sorrel Creek
30 Oktoba

Ardis, mwanangu,

Ni mimi mamako. Mwandiko umeharibika, vumilia.

Lyle alinisomea barua zako zote mezani. Ile ya kusema mkono wangu umechoka aliisoma kwa sauti ya chini, akidhani nitaumia. Sikuumia. Nilikasirika. Mkono wangu haujachoka, Ardis. Mkono huu umepaka dirisha zima mwezi wa nane, na ndio unaokanda unga wa viazi mpaka leo. Picha ilikuwa inakwenda dirishani kwa sababu mimi nilikuwa naipeleka.

Lyle alipoanza mambo yake, kwenye ile video ya kwanza kabisa uliandika chini yake maneno ya ukali, akanionyesha huku amenuna. Yeye aliona matusi. Mimi niliona kwamba unatazama. Wiki iliyofuata nikamwambia nipe hiyo kamera, nitakushikia.

Nilikuwa nimesema mbele ya kanisa zima usije mpaka uombe radhi, na wewe ukasema hutaomba radhi kwa kusema kweli. Wote wawili tumezaliwa na vichwa vya aina moja. Sikuweza kukuandikia. Kukuonyesha niliweza. Kwa hiyo akizungumza habari za bunduki zake, mimi nilikuwa nakupelekea theluji. Nikakupelekea mitofaa ilipochanua, na siku za chapati nilizipanga karibu na mwanga ili uone hazijaungua. Kikombe chako nilikihamisha ndoano makusudi, nikakiweka mahali kamera itapita. Mtu akiuliza mpiga picha amesinzia, nacheka moyoni. Nilijua kuna mmoja hasinzii.

Mtutu niliuona. Usidhani sikuuona. Babako angemtoa Lyle nje kwa sikio. Nilijiambia ni vinyago, nikajiambia ni dakika chache, na nikijitoa pale, basi, sina njia nyingine ya kukufikia. Mtu hufanya hesabu hizo za kijinga bila kujiambia kwamba anazifanya. Ulipomlazimisha anitoe nilichukia. Nilibamiza sufuria wiki nzima. Niliona umejikatia dirisha kwa mkono wako mwenyewe, na umenikatia na mimi.

Basi nikafikiria njia nyingine. Nikalitoa koti sandukuni, nikampa Lyle nikasema livae, watu watalipenda. Sikuwa nafikiria watu. Nilitaka ulione wewe. Halijafuliwa tangu babako aliporudi nalo mara ya mwisho, sikutaka harufu yake ipotee. Ndiyo maana mifuko haikupekuliwa. Za mvua nilizisahau, na rangi ilikuwa yangu.

Kwa hiyo usimmalize Lyle peke yake. Yeye amekosea kama watu wanaojionyesha wanavyokosea. Mimi nimekosea kwa kukutamani. Tundu liko ukutani kimo cha ziwa langu la kushoto, nimelipima. Ungenyamaza kwa adabu kama nilivyokufundisha, ningekuwa nimesimama pale nakuonyesha mitofaa.

Kamera imekufa na nyingine sinunui. Lyle anasema simu yake inatosha, nimemwambia aitoe nje ya nyumba yangu. Dirisha liko zima. Theluji imefika misonobarini tangu juzi. Anayetaka kuiona kuna kiti, ni kile cha mguu mfupi, unajua jinsi ya kukikalia.

Nilisema mpaka uombe radhi. Nimelisema, siwezi kulifuta, watu walisikia. Lakini sikusema lazima niisikie mimi. Iombe njiani, ukiwa peke yako ndani ya gari, kisha uingie jikoni tusiulizane.

Mamako,
Signe

*

Lincoln
4 Novemba

Mama,

Barua hii itafika nikiwa njiani, au nitaipita mimi. Naiandika kwa sababu sijui kuanza safari bila kuandika.

Mwambie Lyle maneno ya kuwaambia wale watu anayo tayari. Yako kwenye barua yake: hakuielekeza popote. Ayaseme hayo, asimame karibu na tundu ili walione, na mikono yake iwe mitupu. Mimi nikimwandikia nitayapamba, na watasifu mapambo.

Ukutani msizibe kitu mpaka nije. Kabati la vyombo mnaweza. Koti msilifue.

Nimebeba keekee. Vinyago vyote alivyotengeneza nitakaa navyo mezani nivitoboe kimoja kimoja, wacheke wanaocheka. Risasi tatu za baba zilizobaki nitampelekea Nils azivunje, baruti imwagwe, maganda nipewe mimi.

Kuhusu lile neno, nimelijaribu asubuhi hii nikiwa nawasha gari, kuona kama linatoka. Limetoka. Nitalirudia nikifika Wyoming, kule hakuna mtu wa kunisikia.

Ukiwa dirishani Ijumaa, ni gari la kijani. Taa moja ya mbele imevunjika. Usitoke nje, kuna barafu. Kaa hapohapo nikuone.

Ardis